Zamu ya Kondoo

Makatekista wenzangu, hasa nyinyi vijana mlioanza juzi:

Mliponiaga kigangoni mlinipa mbuzi jike na mwavuli, mkaniomba niwaandikie jinsi tulivyofundisha dini majumbani miaka yote hiyo. Mbuzi amekwisha kutafuna mkanda wa mwavuli, kwa hiyo nimeona nianze kabla hajafika kwenye karatasi. Sitaandika nani alipandishwa kuwa mkuu wa nani, wala habari za posho, ambayo nyote mnaijua ilivyo. Nitaandika habari za kazi yenyewe. Ndani ya kazi hiyo kuna kosa moja nililolibuni mimi, nikalisambaza mimi, na baadhi yenu mnalifanya mpaka leo kwa sababu mlijifunza kwangu. Hilo ndilo lililonikalisha hapa na kalamu.

Kwa wasionijua vizuri, mimi ni Biira, mtoto wa kike wa pili wa nyumba moja ya Maliba. Kwetu milimani jina linamwambia mgeni mtoto ni wa ngapi kabla hajauliza. Nilifundisha kwanza hukohuko Maliba, kisha mjini Kasese upande wa Nyamwamba, na mwisho Bwera karibu na mpaka wa Kongo, ambako nilikaa kuliko kote. Naandika Kiswahili kwa sababu mnatoka kila upande, na kwa sababu padri aliyetufunza alikuwa Mtanzania. Kila tulipofungua kinywa alishika kichwa kama mtu mwenye homa, mpaka tukajifunza.

Siku yangu ya kwanza nilitembea na Mzee Thembo, katekista mkongwe aliyeambiwa anionyeshe njia. Mimi nilivaa gauni la misa na viatu vya kamba. Yeye alivaa gambuti, viatu virefu vya mpira. Tulipofika nyumba ya tatu, tope likiwa limeshamla kiatu changu kimoja, nilielewa nani kati yetu aliijua kazi. Nilikuwa nimebeba mkunjo wa picha, zile turubai kubwa zenye picha za Biblia, pamoja na daftari na kengele ndogo. Mzee Thembo aliviangalia vyote akasema, "Ukiingia kwa watu, tafuta kwanza pa kukaa. Halafu nyamaza. Mwalimu wa nyumba ni mama na baba. Wewe umekuja kusikiliza."

Kazi yetu ilikuwa hiyo. Sala watoto walijifunza kigangoni kila Jumamosi, lakini mambo matatu makubwa, yaani kutokuwa na hatia, sadaka na wokovu, paroko alitaka wayasikie nyumbani kutoka midomoni mwa wazazi wao. Sisi tulipita kuwasaidia wazazi wapate maneno. Siku hiyohiyo nilimwuliza baba mmoja, mkulima wa kahawa, mtu asiye na hatia ni mtu gani. Alifikiri sana, akasema, "Ni mutu hawajamushika bado." Mkewe alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nilikasirika. Mzee Thembo aliliandika jibu hilo kwenye daftari lake, na njiani akaniambia ndilo jibu la kweli kabisa alilolipata mwezi ule.

Sadaka ilinitoa jasho zaidi. Vitabu vyetu vilijaa kondoo, na Maliba watu wanafuga mbuzi. Mtoto aliyewahi kumwona kondoo alimwona sokoni, mchafu, amefungwa miguu, hana dalili yoyote ya mbinguni. Nikajaribu kutumia mbuzi. Hapo akasimama binti mmoja mwenye kumbukumbu nzuri kuliko yangu, akauliza kama mbuzi si wale wanaowekwa upande wa kushoto siku ya mwisho. "Mwalimu, huyu si ni wa motoni?" Nilikunja mkunjo wangu wa picha nikasema tutaendelea wiki ijayo.

Basi katika Kwaresima moja, nikiwa nimechoshwa na kondoo wa turubai, nikabuni zamu ya kondoo. Nyinyi mnaijua, lakini nitaieleza kwa ajili ya atakayesoma baadaye. Ijumaa jioni kabla ya chakula familia inakaa pamoja. Mzazi anataja kosa lililofanyika nyumbani wiki hiyo na adhabu yake: jerikani mbili za maji za ziada, kusugua masufuria yote, kufagia banda. Kisha anauliza, "Nani?" Aliyekosa hajibu. Anajibu mtoto asiye na kosa, ambaye ni zamu yake. Anasimama, anakunja mikono kifuani, mmoja juu ya mwingine, anasema, "Ni mimi," na anakwenda kuitumikia adhabu. Mwenye kosa anasimama anaangalia mpaka kazi iishe. Hiyo mikono ya kifuani niliiongeza mimi. Niliona inapendeza.

Nyumba ya kwanza kuifanya ilikuwa na mtundu wa miaka kumi ambaye fimbo zilishashindwa kumrekebisha. Ijumaa ile alisimama kando ya njia akamwangalia dada yake mdogo akipanda kilima na maji yaliyokuwa yake. Dada yake alipoteleza mara ya pili, yule mtundu akalia. Mama yake alinishika mikono yote miwili akasema, "Wasingya, wasingya," asante juu ya asante. Chozi lile moja lilinivimbisha kichwa kwa miaka mingi. Paroko alinisifu mbele ya watu, nikaitwa kufundisha mtindo wangu vigango vingine.

Mzee Thembo alikuja Ijumaa moja kuona. Alikaa, akanyamaza kama kawaida yake. Tulipokuwa tunateremka aliniuliza, "Huyu mtoto aliyebeba maji, ulimwuliza kama anataka?"

"Kondoo haulizwi, Mzee," nikamjibu.

Nililipenda sana jibu langu. Baadaye nililirudia kwenye semina, watu wakapiga makofi.

"Lakini Bwana alikwenda mwenyewe," Mzee Thembo alisema. "Hakuna aliyempangia zamu."

Nikadhani ni wivu wa mtu aliyekaribia kustaafu. Alifariki kabla sijamwelewa, na hilo ni jambo ambalo siwezi tena kulirekebisha.

Msidhani nilikuwa mjinga kila mahali. Nilipohamishiwa Nyamwamba nilipewa nyumba moja ambayo ukuta wake wa nyuma ulikuwa umechukuliwa na mto ulipofurika. Baba wa nyumba hiyo aliniambia mlangoni, "Mwalimu, usiniletee hiyo maneno ya kuokoka. Maji ilikuja, mimi nilifungua ng'ombe. Nilirudi, mama yangu hayuko." Siku hiyo nilikumbuka kukaa na kunyamaza. Nilikwenda kwake kila Jumanne kwa miezi kadhaa, tukazungumza habari za matofali na kahawa. Siku moja akauliza mwenyewe kama mama yake ameokoka, na tukazungumza mpaka chai ikapoa mara mbili. Kwa hiyo nilijua namna ya kuifanya kazi hii. Ndiyo maana nasema kosa langu halikuwa la kutojua.

Kwenye karatasi, zamu ilizunguka. Majumbani haikuzunguka. Ilimwangukia yule mpole, na karibu kila nyumba mpole huyo alikuwa wa kike. Mimi mwenyewe nililelewa nikiitwa kwanza kila kazi inapotokea, nikaingia nyumba baada ya nyumba nikiliona jambo lilelile, na sikulisema. Nililiita utakatifu.

Bwera ndipo nilipokutana na Mama Paluku. Alikuwa amevuka kutoka upande wa Butembo kwa sababu ya vita, na alikuwa akiuza vitenge sokoni. Binti yake wa kwanza alikuwa amebaki kwa bibi, na mume wake alirudi ng'ambo kufuata vyombo vyao akawa hajaonekana tena. Hapa alikuwa na watoto watatu. Paluku, wa kiume wa kwanza, alikuwa na miaka kumi na miwili na miguu isiyotulia. Kambale alikuwa wa miaka miwili. Katikati yao alikuwa Kavira, wa miaka tisa. Kavira upande wao ndiye Biira upande wetu, wa kike wa pili. Nilipolisikia jina lake nilimpenda kabla hajanisalimu.

"Mwalimu, huyu mutoto iko muzuri sana," mama yake aliniambia siku ya kwanza. "Yeye hana maneno."

Niliwafundisha zamu ya kondoo. Kambale alikuwa mdogo mno, na Paluku ndiye aliyekosa kila wiki, kwa hiyo kondoo alikuwa Kavira, Ijumaa baada ya Ijumaa. Alisimama wima, akakunja mikono, akasema, "Ni miye, mama," akatoka. Hakunung'unika hata mara moja. Niliandika kwenye daftari langu kwamba Kavira ameelewa sadaka kuliko watu wazima wa kigango kizima. Daftari hilo ninalo bado. Mwandiko ni mzuri.

Mwaka ule yeye na kaka yake walikuwa wapokee Komunyo ya kwanza siku ya Pasaka. Mama yao alimshonea Kavira gauni jeupe, akalitundika ukutani juu ya kitanda, limefunikwa na kitenge lisipate vumbi la mkaa. Kila nilipofika, Kavira alikuwa akiinua pembe ya kitenge kunionyesha mikono ya gauni, kisha akaishusha.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, siku ya Alhamisi, nilifika kwao alasiri nikakuta mlango wazi, sigiri ya mkaa imepinduka na maharagwe yametapakaa uani. Jirani akaniambia Kambale ameungua na wamemkimbiza kituo cha afya. Nilikwenda mbio. Mama Paluku aliingia kutoka sokoni wakati uleule, kilemba kimeanguka mabegani. Ndani, Kambale alikuwa akilia huku muuguzi akimsafisha mguu. Paluku alikuwa amejibana ukutani. Kavira alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, sketi imelowa maji hadi magotini, na kichwani bado alikuwa na ngata ya majani ya migomba, ile ya kubebea jerikani.

"Nani?" Mama Paluku aliuliza. Ilikuwa sauti ileile ya Ijumaa.

Kavira alikunja mikono kifuani. "Ni miye, mama."

Mama yake alimpiga kofi. Nilimshika mkono asiongeze la pili, nikasema, "Mama Paluku, mtoto anakiri. Anayekiri husamehewa." Nilijiona nimefanya vizuri.

Sasa someni hapa polepole. Ile ngata niliiona. Bomba lilikuwa mbali, chini kule ng'ambo ya msikiti, na mtu mwenye ngata kichwani na sketi iliyolowa alikuwa ametoka bombani. Hakuwa nyumbani akipindua sufuria. Mtu yeyote angelijua hilo. Lakini mimi nilimwambia aivue ngata, kwa kuwa tulikuwa mbele ya muuguzi na haikuwa adabu. Akaivua. Akaishika mkononi, hakujua aitupe wapi.

Mguu wa Kambale ulichukua miezi kupona. Mama Paluku alimtoa Kavira shuleni. "Yeye njo alimuunguza, yeye njo atamubeba," alisema, yaani aliyeunguza ndiye atakayebeba, na sokoni hakuna aliyemlaumu. Kambale alipoanza kukimbia tena, darasa la Kavira lilikuwa limeshapanda, na mama yake alikuwa amezoea kurudi akakuta chakula kimeiva. Mtaani wakamwita "ule aliunguza mutoto". Alikuwa akiitika.

Na Komunyo? Niliamua mimi. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisema Kavira angoje mwaka mmoja ajifunze uangalifu, ili watoto wengine wasidhani kuunguza mtoto ni jambo dogo. Gauni jeupe alilivaa binti mwingine wa kimo chake. Paluku alipokea Pasaka ileile, nilimwandaa mimi mwenyewe, na alilia misa nzima. Niliwaambia watu waliokaa karibu nami kwamba neema imemgusa.

Kabla ya mwaka kuisha walihama Bwera, nikapoteza habari zao. Niliendelea na kazi. Nilifundisha zamu ya kondoo mpaka vigango ambavyo sijavitaja.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimebakiza miaka miwili kustaafu, alikuja kijana wa bodaboda kujiandikisha kwa mafundisho ya ndoa. Nilimtambua kwa miguu, bado haikutulia. Alikuwa Paluku. Mchumba wake alikuwa binti wa kwetu, mchangamfu. Siku tulipofika somo la ukweli ndani ya nyumba, alimwomba mchumba wake atoke kidogo, akabaki ananitazama.

"Mwalimu, ile siku ya maharagi. Ni miye. Nilipiga balo, mupira yangu, pale uani, ikagonga sufuria. Kavira alikuwa kwa maji."

Nikauliza swali la kipumbavu. "Kwa nini hukusema?"

"Mulitufundisha, Mwalimu. Mwenye makosa anasimama, anaangalia." Alifuta uso kwa kofia yake. "Nilisimama. Nikaangalia. Hata leo niko naangalia."

Ningekuwa mtu jasiri ningemtafuta Kavira wiki ileile. Sikumtafuta. Niliacha kufundisha zamu ya kondoo, lakini mlipouliza kwa nini, nilisema tu mtindo umepitwa na wakati, na nyinyi mkaendelea nayo kwa kuwa mliipenda. Niliona aibu. Nilikuwa nimekaribia kuagwa, tayari kuna wanaochanga mbuzi, na nilitaka kuondoka na sifa yangu nzima. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine nzuri zaidi.

Katika miaka hiyo miwili niliyasoma upya mateso ya Bwana, nikatafuta mahali ambapo alisema yeye ndiye aliyekosa. Hapako. Aliwatazama usoni, akabeba ya watu, na hakusema uongo hata mmoja. Hakumfunika mwenye kosa asijulikane. Petro alipokosa aliangaliwa mpaka akajua, akatoka akalia, na baadaye aliulizwa mwenyewe kama anapenda. Mimi nilichukua watoto wapole, nikawafundisha kusema uongo mikono ikiwa kifuani, nikauita sadaka. Na wakorofi nikawafundisha kusimama. Ninawaomba muiache leo, si Kwaresima ijayo.

Nilishastaafu mwezi mzima Hajji Swaibu aliponisimamisha njiani. Hajji ni jirani yangu, Mwislamu anayebeba samaki kwa pikapu kutoka Katunguru, na husimamisha kila mtu.

"Mwalimu, iko mama moja Mukongo kule Katunguru karibu na daraja, anakaanga samaki. Anaitwa Kavira. Anasema ni wewe alimufundisha dini. Anakusifu sana!"

Ingekuwa nafuu kama angeniambia ananilaani. Asubuhi yake nilipanda pikapu ya Hajji. Alizungumza habari za tairi na barafu njia nzima, nami nikawa napanga maneno. Nilipanga vizuri sana. Niliamua nianze na ngata.

Kavira alinipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akaniita Mwalimu mbele ya wateja wake wote. Amekuwa mwanamke mrefu, mtulivu. Mume wake anatengeneza injini za mitumbwi. Binti yao mkubwa alikuwa shuleni. Wa pili, wa miaka sita hivi, amezaliwa upande huu kwa hiyo ameitwa Biira kama mimi; alikuwa ameketi mlangoni akimenya maharagwe. Kavira alinikalisha sebuleni, akaniletea chai kwenye kikombe cheupe cha kauri kilichotoka kabatini. Nilimwuliza habari za mama yake, akasema alirudi Butembo na Kambale, na Kambale sasa ana watoto.

"Na wewe, Komunyo ulipokea wapi?"

"Sikupokeaka bado, Mwalimu," alisema bila uchungu. "Mulisema ningoje. Tulihama, ikabakia vile. Lakini batoto ninabafundisha hapa ku nyumba, vile mulitufundisha. Kila Ijumaa. Huyu mudogo anaelewa kupita wote." Akamtazama binti yake kwa upendo. "Huyu hana maneno."

Nilifungua kinywa nianze na ngata. Kavira akasikia mafuta yanalia huko nyuma, akasema ageuze samaki mara moja, akatoka.

Mikono yangu siku hizi inatetemeka, nyinyi mmeiona. Kikombe kilinitoka, kikapiga sakafu ya saruji, kikawa vipande, chai ikaniloanisha gauni na miguu.

"Nani alivunja?" Kavira aliita kutoka jikoni.

Biira aliweka chini ungo wa maharagwe. Alikuwa hatua nne kutoka kwangu, hata upepo wa kile kikombe haukumgusa. Alisimama wima. Akakunja mikono kifuani, mkono juu ya mkono, kama nilivyoona inapendeza miaka ile Maliba.

"Ni miye, mama."

Hakunitazama. Hakuwa anacheza wala hakuwa anajipendekeza kwa mgeni. Alisema jambo alilozoea kusema. Nami, Mungu anisamehe, kwa muda wa pumzi moja nilinyamaza. Niliona jinsi ilivyo rahisi. Kavira alikuwa ameshafika mlangoni, mwiko mkononi.

"Ni mimi," nikasema. "Kavira, ni mimi niliyevunja. Mtoto hakuwa hata karibu."

Aliangalia vipande miguuni mwangu, akaangalia gauni langu. Akacheka kidogo. "Si kitu, Mwalimu. Ni kikombe tu. Huyu anapenda kusaidia."

"Si kikombe. Hata siku ile ya maharagwe hukuwa wewe. Ulikuwa bombani. Paluku aliniambia, lakini hakuwa na haja ya kuniambia. Niliiona ngata kichwani mwako. Nikakuambia uivue."

Mafuta yaliendelea kulia jikoni na hakuna aliyekwenda. Kavira aliinua mkono akaugusa utosi wake, pale ngata inapokaa.

"Muliiona?" akauliza.

"Niliiona."

"Miaka yote nilikuwa najiambia, Mwalimu hakuona. Angeona, angesema." Machozi yalimtoka bila uso kubadilika. "Nilikuwa nangoja kidogo. Pale ku kituo. Nilisema miye, lakini nilikuwa nangoja mutu aseme hapana."

Maneno yote niliyoyapanga kwenye pikapu yalikuwa ya kujitetea, nikayaacha. Nilisema tu, "Nimekukosea, mwanangu."

Kavira alimwendea Biira aliyekuwa bado amesimama akingoja adhabu yake, akapiga magoti mbele yake, akaishika ile mikono midogo akaishusha ikaning'inia ubavuni. Alipoiachia, ikapanda yenyewe mpaka kifuani. Akaishusha tena. "Weye hukuvunja," akamwambia. "Sema: si miye."

Mtoto alimtazama mama yake, kisha akanitazama mimi, kama anayeombwa kusema tusi. Ilichukua muda. "Si miye," akasema, kwa sauti ya chini sana.

Niliteremka kitini, nikapiga magoti kwenye chai, nikaanza kuokota vipande kimoja kimoja. Kavira akafuta uso kwa kitenge, akainama haraka kunisaidia, kwa kuwa ndivyo alivyo na ndivyo nilivyomfanya.

"Hapana, Kavira," nikamwambia. "Wewe simama uangalie."